Dawa Haishukuriwi

Kwetu dawa ya majani haishukuriwi. Ukipewa unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, unarudisha kikombe, basi. Ukisema asante umeiharibu. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alinifundisha hivyo kwa kofi la kisogoni nilipokuwa na miaka sita hivi. Nilikuwa na homa, nimetoka kumeza nusu kikombe cha maji ya omubirizi, nikasema asante kwa sababu shuleni tulifundishwa kusema asante. Kofi likatua, nikakalishwa chini, nikanyweshwa kikombe cha pili cha kufidia kile nilichokiharibu. Nililia mpaka kamasi, na kesho yake homa ilikuwa imekwisha.

Omubirizi ni kichaka kinachoota pembeni mwa kila kibanja, shamba la migomba la nyumbani, huku kwetu, kuanzia Kihanga ninakofundisha hadi Mabira nilikozaliwa. Majani yake yanapondwa, yanakamuliwa kwenye maji baridi, na uchungu wake unalala na wewe ulimini mpaka asubuhi. Tulinyweshwa kwa malaria, kwa minyoo, kwa tumbo, na nadhani mara nyingine kwa utundu tu. Nilikua nikiamini kwamba kitu kisicho kichungu si dawa, ni chai. Mama yangu naye aliamini hivyo, na bado anaamini, ila siku hizi hasemi.

Presha yake iligunduliwa kanisani. Baada ya ibada waliletwa wauguzi wakaweka meza uani, wanapima watu, na Mama alikwenda kupimwa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, foleni ilikuwa fupi. Alirudi nyumbani na kikaratasi. Wiki haikwisha kila mtu amekuwa daktari. Mmoja alileta mbegu ya parachichi iliyokaushwa, ya kukwangua na kuchemsha. Mwingine alisema kitunguu saumu, punje mbili kabla ya kunawa uso. Mama mchungaji alileta choya ya kuchemsha. Jirani wa upande wa chini, ambaye hajawahi kupatana na wakwe zake, alisema presha haitokani na chumvi wala mafuta, inatokana na mkamwana. Mama alicheka, akajaribu vyote isipokuwa kumfukuza mkamwana, kwa kuwa hana.

Kwenye kituo cha afya akaandikishwa kliniki ya presha. Akanunua daftari la shule, akalivika gazeti, akaanza kupewa vidonge. Kimoja kila asubuhi, wakamwambia, maisha yote.

"Maisha yote?" aliniuliza kwenye simu. "Sasa hiyo ni dawa au ni ndoa?"

Nikacheka. Ningejua, nisingecheka, ningekaa chini nimweleze. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nafundisha watoto wa watu mzunguko wa damu kwa chaki nyekundu na chaki ya bluu, na mama yangu mzazi sikumweleza kwa nini kidonge kinanywewa hata siku ambayo kichwa hakiumi.

Shangazi hakuhitaji kueleza. Kibanja chake kimepakana na cha Mama, wametenganishwa na mstari wa migomba na njia ya miguu. Alisikia neno presha, akachuma omubirizi kabla ya jua, akakamua, akaleta. Siku tisa unakunywa, siku kadhaa unapumzika, unaanza tena siku tisa. Siku tisa hazikatwi katikati. Na sharti la pili, ambalo nalo nililijua tangu utoto: dawa mbili ni wake wenza, hazilali nyumba moja. Ukiwa na moja, nyingine inatoka nje. Wala hutaji jina la moja mbele ya nyingine, maana zitaoneana wivu.

Niliuona mtungi wa majani pale jikoni likizo ya kwanza niliyokwenda. Nikamwuliza Mama, "Bado tu mnakunywa haya?" Akasema, "Ni ya shangazi yako." Hapo mazungumzo yakaisha. Sikuuliza vidonge vinakwenda wapi siku hizo tisa. Sharti la wake wenza nalikumbuka, mtungi nauona, nikashindwa kujumlisha moja na moja. Nadhani sikutaka kujumlisha. Shangazi ndiye aliyenilea Mama alipolazwa muda mrefu kwa uzazi wa mdogo wangu, na mtu aliyekulea humwulizi maswali ya mtihani.

Kliniki ya tatu au ya nne Mama aliniomba nimsindikize. Presha ilikuwa inapanda kila akipimwa, na yeye na daktari walikuwa hawaelewani. Daktari alikuwa kijana wa Morogoro, mpole, hajui hata salamu ya Kinyambo, lugha yetu. Mama Kiswahili anakisikia, lakini kukisema mbele ya mtu mwenye koti jeupe kinamtoroka. Kwa hiyo nilitoka Kihanga, magari mawili na bodaboda moja, nikaenda kuwa mkalimani.

Mbele yetu alikuwapo mzee mmoja kutoka Kamuli. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, tukasikia kila kitu. Alikiri mwenyewe, masikini, kwamba anakunywa majani, na daktari akapandisha sauti: "Mzee, nimekwambia mara ngapi? Utakufa na majani yako!" Foleni nzima ikacheka. Mzee akatoka amekumbatia kofia yake, hatazami mtu.

Tukaingia sisi. "Shikamoo mama," daktari akasema. "Marahaba baba," Mama akajibu, na Kiswahili chake cha siku hiyo kikawa kimeishia hapo. Nikajitambulisha. Uso wa daktari ukafunguka. "Afadhali mama huyu ana mtoto mwalimu. Wengine hapa tunapigana na giza." Nilijisikia vizuri. Naandika hivi kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilijisikia vizuri sana.

Akampima, akatikisa kichwa, akampima tena. Kisha akauliza, "Anatumia dawa nyingine yoyote? Za kienyeji?"

Nikamtafsiria Mama. Akasema kwa Kinyambo, taratibu, kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba: "Mimi siwezi kuitaja hapa mbele ya dawa nyingine. Lakini wewe umesoma. Mwambie linalofaa."

Alikuwa amenipa ruhusa. Mila ilimfunga yeye, haikunifunga mimi, na alijua hivyo, ndiyo maana aliniita kutoka Kihanga. Sasa nayaona hayo yote. Siku ile niliona mlango ulio wazi na watu wanaosikiliza, nikaona kofia ya yule mzee.

"Hapana, daktari," nikasema. "Hatumii."

Akaandika kwenye daftari la Mama, kwa kalamu ya bluu: Hatumii dawa za kienyeji. Kisha akasema kwamba basi vidonge vya mwanzo havimtoshi. Akavipandisha, akaongeza vya aina ya pili, na juu yake kidonge cha kukojoza. Mama alisikia jibu langu, ninajua alilisikia.

Dirishani kwenye dawa alipokea mfuko wake, akamshukuru mtoa dawa mara tatu, asante sana baba, asante sana, Mungu akubariki. Tulipotoka nje nikamtania kwamba dawa haishukuriwi, ameshaziharibu zote. "Hiyo ni ya majani," akasema. "Hivi ni vya watu, vinashukuriwa." Tukacheka, tukanunua ndizi choma, tukarudi nyumbani.

Likizo ya Juni nilikwenda Mabira kumsaidia kuvuna kahawa. Siku ya pili, nikitafuta majani ya chai kabatini, nilishika kopo la maziwa ya unga likawa zito. Ndani mlikuwa na vidonge, pakiti juu ya pakiti. Za zamani zilikuwa zimekatwa katikati, na zile mpya za aina tatu hazikuguswa kabisa.

Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wanalijua hilo. Nililibeba lile kopo mpaka uani, nikalimwaga kwenye jamvi la kahawa mbele yake, nikamfokea mama yangu nyumbani kwake. Nilimwambia anataka kufa. Nilimwambia anataka nife mimi kwa kumhangaikia. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, methali ambayo mimi mwenyewe huwaandikia watoto ubaoni.

Alikusanya pakiti moja moja kutoka kwenye kahawa. "Siku tisa za shangazi yako zikifika, hivi vinapumzika," akasema. "Zikiisha, navinywa kidogo. Sivitupi."

"Kuanzia kesho utavinywa vyote, na mbele ya macho yangu."

"Vyote hivi kwa pamoja? Mwanangu, mwili wangu haujavizoea."

"Daktari ndiye aliyeandika."

Jibu hilo limeniganda kichwani, na nikiwa peke yangu huwa nalisikia. Daktari aliandika, ni kweli, lakini aliandikia mwanamke mwingine: mwanamke anayekunywa kidonge chake kila asubuhi na kisimsaidie. Huyo mwanamke nilimtunga mimi, pale kliniki, kwa neno moja. Mama yangu halisi alikuwa amekaa mbele yangu na kopo limejaa, ushahidi wote umemwagika jamvini, na bado sikuunganisha.

Asubuhi ile nikampa. Kimoja, cha pili, cha kukojoza. Akavimeza akinitazama, akafungua mdomo kama mtoto kunionyesha kwamba vimekwenda. Ambacho sikukijua ni kwamba alfajiri, mimi nikiwa nimelala, alikuwa ameshakunywa kikombe cha Shangazi, kwa sababu ilikuwa siku ya tano na siku tisa hazikatwi katikati. Kwa mara ya kwanza wake wenza wote walilala nyumba moja, na aliyewaingiza ni mimi.

Siku ya pili alisema akisimama anaona giza. Nikamwambia mwili unajifunza. Nikajisikia mwalimu.

Siku ya tatu nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba. Alikuwa ameinama anageuza kahawa juani, akanyanyuka ili aende kivulini, na sikusikia kelele, nilisikia beseni likianguka. Nilipofika alikuwa amelala upande kwenye mawe ya kizingiti, macho wazi, anajaribu kuvuta gauni lake lifunike magoti. Mguu ulikuwa umegeukia nje. Nilimwita, akaniambia kwa sauti ndogo nisipige kelele, watu watadhani kuna msiba.

Jirani yule wa wakwe alikuwa na gari la kubebea ndizi. Tukatandika majani ya migomba na godoro, tukampakia, Shangazi akapanda nyuma naye akamshika kichwa njia nzima. Mimi nilishika daftari.

Hospitalini muuguzi alimpima, akabadilisha kipimo akidhani ni kibovu, akampima tena. Presha ilikuwa chini mno. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo kutoka Muleba, akamsemesha Mama kwa Kihaya, ambacho ni ndugu wa Kinyambo, na Mama akamwelewa bila mkalimani. Kwa mara ya kwanza sikuhitajika, na sijawahi kuogopa kutohitajika kama siku ile.

Alifungua daftari, akasoma. "Hapa wameandika hutumii dawa za kienyeji."

Mama akamtazama Shangazi. Shangazi ndiye aliyesogea mbele. Dawa ilikuwa yake, yeye ndiye mwenye haki ya kuitaja. "Anatumia. Namkamulia mimi, omubirizi, siku tisa tisa. Zikifika siku zake, vidonge vinawekwa kando." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya maharage, wala daktari hakupandisha sauti. Aliuliza kiasi gani, lini mara ya mwisho, akaandika. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Kisha daktari akauliza, si kwa ukali, "Sasa kule kliniki nani alisema hatumii?"

Nilikuwa nimesimama upande wa miguu ya kitanda. Nilifungua mdomo, nadhani nilifungua. Mama akanitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Nilikataa mimi. Huyu mtoto alitafsiri tu."

Nikanyamaza. Mara ya pili, mbele ya daktari wa pili, nikaficha ukweli, na safari hii hapakuwa na foleni ya kunicheka.

Jioni tulikaa benchini nje ya wodi, Shangazi na mimi. Alikuwa amevua viatu, anasugua nyayo. Akasema, bila kunitazama, kwamba amewapa watu wengi maji yale, na mtu akianza kuona giza akisimama yeye huwa anaacha mara moja, anampa mapumziko, hata kama siku tisa hazijatimia. "Siku tisa ni za mtu mwenye mwili mzima," akasema. "Anayeona giza hahesabiwi. Lakini nani aliniambia anaona giza? Nani aliniambia ameongezewa? Nilikuwa ng'ambo ya migomba pale, ungeniita kwa sauti tu."

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ni mimi niliyemjibu daktari hapana, Mama hakukataa kitu.

"Najua," akasema Shangazi. "Mama yako tangu aolewe kwetu hajawahi kukataa jambo mbele ya watu. Aliposema tu ni yeye, nilijua ni wewe."

Nilingoja kofi. Kweli, nilikuwa nimeinamisha kisogo nalingoja, mtu mzima mwenye watoto wake. Halikuja. Akavaa viatu, akaenda kumwangalia Mama kama amekula.

Mama hakurudi Mabira. Nyonga haikuunga vizuri, njia za kule ni za kupanda na kushuka, na choo kiko mbali na nyumba. Nikamleta kwangu Kihanga. Anatembea kwa fimbo mbili kutoka kitandani mpaka barazani, anakaa, anatazama migomba yangu na kusema imekondeshwa. Kibanja chake anakitunza Shangazi. Kahawa ya mwaka uliofuata ilivunwa bila yeye. Alitumiwa kidogo mfukoni, akaipeleka puani, akanusa kwa muda mrefu kuliko inavyonuswa kahawa.

Kliniki tulihamia ya huku. Siku ya kwanza nilisema kila kitu kabla sijaulizwa: majani, siku tisa, kopo, na nani alidanganya. Mlango ulikuwa wazi, watu wakasikia. Sikupungukiwa na kitu. Sasa anakunywa kidonge kimoja tu, presha imetulia, daktari anasema anaendelea vizuri. Pembeni mwa ua wangu kuna omubirizi, uliota wenyewe. Sijaukata. Mama huutazama, lakini hajawahi kuomba hata jani.

Kuna jambo moja. Mama amekuwa mtu wa kushukuru sana hapa kwangu. Nikimletea chai, asante. Nikimsogezea kiti, asante mwanangu. Nikimfulia, nikimwashia redio, hata mjukuu akimwokotea fimbo, asante, asante. Ni shukrani za mgeni, na zinaniuma, maana nyumbani kwake hakuwa akinishukuru kwa kikombe cha chai, alikuwa ananiambia sukari haitoshi.

Ila asubuhi nikimpelekea kidonge hasemi kitu. Anapokea kwa mikono miwili, anakiweka ulimini, anakunywa maji, anafungua mdomo nione kwamba kimekwenda, ingawa sijamwomba tena afungue. Ananirudishia kikombe, anageuza uso kwenye migomba. Siku za mwanzo nilijiambia ni ile mila yetu, dawa haishukuriwi. Nilijiambia hivyo kwa wiki kadhaa, nikafarijika, mpaka asubuhi moja nikakumbuka dirisha la dawa la kliniki ya zamani, vile vidonge vya watu, na asante tatu alizompa mtu asiyemjua hata jina.